Tumbo Lililozidi Miezi

Bi Futi hakuwa mtu wa kubishana naye. Alikuwa na duka la ushonaji lenye vyumba viwili, cha mbele cha wateja na cha nyuma cha kazi, na katika vyote viwili neno la mwisho lilikuwa lake. Futi ya kupimia ilining'inia shingoni mwake tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Hata msibani aliwahi kwenda nayo, ikabidi mwanawe wa kike amvue mlangoni huku akijifanya anamwekea vizuri kanga.

Sifa yake kubwa ilikuwa nguo za wajawazito. Gauni la mjamzito likishonwa kama gauni jingine hupanda mbele na kuburuta nyuma, mwenye nalo akaonekana kama ameazima. Kwa hiyo Bi Futi alipima mara mbili: mbele, kutoka begani kupita juu ya tumbo mpaka chini ya goti, halafu nyuma, kutoka begani mpaka hapo hapo. Kisha aliangalia mbele imezidi nyuma kwa kiasi gani, na kutokana na tofauti hiyo alimtajia mteja mwezi wa mimba yake kabla mteja hajafungua kinywa. Alipatia mara nyingi, na kupatia huko kulimlevya. Aliyesema, "Hapana, mama, mimi niko mwezi wa tano," alichekwa na kuambiwa akahesabu upya. Hakuna aliyerudi kumwambia kwamba alikosea, maana mwanamke mwenye mtoto mchanga ana kazi nyingi kuliko kurudi kwa fundi kumsuta.

Huyo ndiye aliyekuwa mama mkwe wa Mkasi.

Mkasi aliitwa hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alikuwa fundi wa kukata, na akishaweka chaki mezani akatandaza kitambaa, mkono wake haukusita. Ya pili ni ulimi. Mama yake mdogo, aliyemlea, alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa amekasirika na hajawahi kuambiwa kosa lilikuwa la nani. Bi Futi alimwajiri kwa ajili ya mkono na akamvumilia ulimi. Hakujua kwamba mwanawe wa kiume, mchimba visima aliyerudi nyumbani mara chache kama mgeni, angeipenda mikono yote miwili na ulimi juu yake.

Ndoa ilifungwa Bi Futi akiwa amenuna. Alipoulizwa na majirani kama amempata mkamwana mzuri, alijibu kwamba amempoteza mfanyakazi mzuri. Mkasi alisikia, akamwambia kwamba kama ni hivyo basi amlipe mshahara wake wa mwisho, na kuanzia hapo damu zao hazikupatana tena. Waliishi nyumba moja, nyuma ya duka, pamoja na wifi mtu aliyekuwa akishona vifungo na kupeleka maneno.

Miaka miwili ikapita bila mimba, na maneno hayakukosekana. Lakini kulikuwa na jambo ambalo Mkasi hakumwambia mtu. Hedhi yake ilikuwa nzito ajabu. Ilikuja na mabonge ya damu, ikakaa wiki nzima na zaidi, ikamwacha na kizunguzungu na midomo iliyopauka. Siku hizo alivaa sketi nyeusi na kukalia vipande vya kitambaa vilivyokunjwa. Aliona ndivyo alivyoumbwa, kama mwingine alivyoumbwa na miguu mikubwa. Halafu kiuno cha sketi kikaanza kumbana, na chini ya kitovu pakawa pagumu. Mtu mwingine angekwenda kuonana na daktari. Fundi nguo alifumua mshono, akaongeza upana wa vidole viwili, akaendelea na kazi.

Ndipo mume akarudi kutoka kuchimba visima nchi kame mbali huko, akakaa mwezi mzima, akaondoka tena na mitambo yake. Mkasi akakosa hedhi kwa mara ya kwanza tangu avunje ungo, akafurahi mara mbili: kwa sababu ya mimba, na kwa sababu ya kupumzika kufua.

Tumbo lilikuwa na haraka. Kabla hata hajazoea kichefuchefu, tayari mtu barabarani alikuwa anampisha. Mkunga wa kliniki alimpapasa, akakunja uso, akasema tumbo ni kubwa kuliko tarehe zake, huenda ni mapacha, na akamtaka aende hospitali kubwa akapigwe picha ya ultrasaundi. Mkasi aliitikia. Lakini duka lilikuwa limezidiwa na sare za shule, majora ya vitambaa yamejaa mpaka mlangoni, na yeye ndiye mkataji pekee. Akasema wiki ijayo, na wiki ijayo akasema vilevile.

Sare zilipokwisha, Bi Futi alimwita chumba cha mbele. Alisema hawezi kukaa na mkamwana anayevaa mashuka ilhali yeye ndiye fundi wa nguo za wajawazito mjini pote, watu wangesemaje. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wifi mtu alikuwa na sindano mdomoni, na muuza majora alikuwa ndiyo kwanza anashusha mzigo. Bi Futi akapima mbele. Akapima nyuma. Akapima mbele tena, safari hii taratibu, kama mtu anayehesabu chenji aliyopewa na mwizi.

Hakumuuliza Mkasi. Alimgeukia binti yake. "Kaka yako alirudi lini?"

Wifi mtu akatoa sindano mdomoni, akasema miezi minne iliyopita, na kidogo.

"Tumbo hili ni la mwezi wa sita," Bi Futi akasema.

Cherehani za chumba cha nyuma zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mkasi alimuuliza mama mkwe wake kama anapima kitambaa au anapima mtu.

"Napima kilichomo."

"Kilichomo ni mjukuu wako."

"Mjukuu wangu ana miezi minne," Bi Futi akajibu, huku akikunja futi yake vizuri. "Huyu simjui."

Mmoja wa wateja akataja mapacha, kwa nia njema. Bi Futi akamwambia kwamba mapacha anawajua, mapacha hupanua ubavu, na hapa ubavu uko vilevile. Halafu akamtazama muuza majora kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Maskini huyo mtu alikuwa na kosa moja tu duniani, la kumtania Mkasi kila alipoleta mzigo, na alikuwa anawatania wote, pamoja na Bi Futi mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuuza tena hata mita moja katika duka lile.

Mkasi alimpigia mumewe simu papo hapo, amesimama uani karibu na kamba za kuanikia. Alichelewa. Wifi alikuwa ameshapiga. Nyuma ya sauti ya mume mtambo wa kuchimba ulikuwa unanguruma, na yeye alikuwa anaongea polepole kama mtu anayekanyaga tope. Mkasi akamwambia kila kitu, akaapa, na yeye Mkasi hakuwa mtu wa kuapa. Kisha akangoja.

"Mama hajawahi kukosea hiyo kazi," mume akasema.

Maneno mengine yalifuata, ya kwamba atakuja, ya kwamba watakaa chini waongee, lakini Mkasi hakuyasikia. Mambo ya mama mkwe aliyategemea, haya ya mume hakuyategemea. Aliumia, na aliumia vibaya, na kwa kuwa hakujua kuumia bila kukasirika, alikasirika.

Basi ikawa vita. Sahani yake ikaanza kuwekwa peke yake. Alihamishwa kutoka meza ya kukatia, kazi yake, akapewa kupiga pasi, na joto la pasi kwa mjamzito si kitu cha kumtakia hata adui. Wifi akihesabu vifungo alihesabu kwa sauti mpaka sita, akaanza upya. Mkasi naye hakukaa kimya. Wifi alipomwomba kwa shida amkatie sketi ya kwendea arusini, alimkatia nyembamba kiasi kwamba siku ile alitembea kama kafungwa kamba, na gari likamwacha. Alipogombezwa alijibu kwamba alipima kwa futi ya mama.

Mama yake mdogo alipokuja kumtazama, alimsihi aende akapigwe hiyo picha. Alimwambia itamaliza maneno kwa siku moja. Mkasi akakataa katakata. Alisema hajaiba, kwa hiyo hatajipeleka mwenyewe kukaguliwa. Mtu anayetaka kujua mtoto ni wa nani amuulize yeye, na akishajibiwa aamini. Ukweli ni kwamba alikuwa na haki, na ukweli pia ni kwamba alikuwa mjinga. Kiburi chake kilimnyima dawa aliyokuwa anaihitaji kwa sababu nyingine kabisa.

Sababu hiyo ilijitokeza yenyewe adhuhuri moja, mwezi mmoja baada ya kupimwa, pasi ikiwa mkononi. Maumivu yalimshika ubavuni upande wa kushoto, chini, yakamkunja mpaka paji la uso likagusa meza. Hayakuja yakaondoka kama uchungu wa uzazi. Yalikuja yakakaa. Akatapika, mwili ukachemka, na alipoguswa mahali pale alipiga ukelele uliowatoa watu barabarani.

Bi Futi aliita teksi mwenyewe. Usije ukamsifu bure. Njiani hakumshika hata mkono. Alimwambia dereva, si mkamwana, kwamba sasa mtoto atazaliwa mkubwa na watu wataambiwa ni njiti, na kwamba leo ukweli utasikika kwa mwenye koti jeupe. Hospitalini alimfuata mgonjwa mpaka ndani ya chumba cha ultrasaundi, akasimama mbele ya kioo cha mashine, mkoba kifuani.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye mafua, asiye na subira. Alipaka mafuta tumboni, akapitisha kifaa, akapima kichwa cha mtoto na paja lake, akapima tena. Akasema mtoto ni mmoja, mzima, moyo unapiga vizuri, na umri wake ni miezi mitano na siku kadhaa, hesabu ile ile ya tangu mume aliporudi.

"Rudia," akasema Bi Futi.

"Mama, sirudii. Kichwa na paja vinakubaliana." Daktari akasogeza kifaa pembeni, yakaonekana mabonge meusi ya mviringo, moja kubwa kama chungwa na mengine mawili madogo. "Na hiki ndicho kinacholifanya tumbo liwe kubwa. Ni fibroidi. Uvimbe wa nyama unaoota kwenye mfuko wa uzazi. Si saratani."

Mkasi aliuliza umetoka wapi, na daktari akamuuliza kuhusu hedhi zake. Akamweleza yote, sketi nyeusi na vitambaa na kizunguzungu, mbele ya mama mkwe wake, kwa mara ya kwanza maishani. Daktari akatikisa kichwa. Akasema uvimbe huo ulikuwemo muda mrefu, wanawake wengi sana wanao bila kujua, na ndio uliomfanya amwage damu vile na pengine ndio uliomchelewesha kupata mimba. Mimba ilipoingia, nao ukanenepa. Maumivu ya leo ni kwa sababu lile bonge kubwa limekua kuliko damu inayolilisha, sasa linaanza kufa lenyewe kwa ndani. Linauma sana lakini lingetulia kwa dawa za maumivu, maji na kulala. Kulikata sasa haiwezekani, angeweza kutoka damu nyingi na kumpoteza mtoto. Wengi wenye fibroidi wanajifungua salama, akasema, ila yeye atafuatwa kwa karibu: mtoto anaweza kukosa nafasi akalala vibaya, uchungu unaweza kuwahi, na damu baada ya kujifungua inaweza kuwa nyingi. Halafu akamuuliza kwa nini hakuja mapema, ilhali mkunga aliandika aje.

Mkasi alimtazama Bi Futi. Bi Futi alikuwa anatazama kioo cha mashine, kope hazipepesi.

Unadhani aliomba radhi. Alingoja mpaka walipofika wodini, mgonjwa ametundikiwa maji, akamwinamia na kusema kwa sauti ya chini, "Ungesema mapema kwamba una uvimbe, yote haya yasingetokea."

Mkasi alikuwa hana nguvu ya kunyanyua kichwa, lakini nguvu ya kusema alikuwa nayo. "Toka," akasema. Na Bi Futi, ambaye hakuwahi kufukuzwa mahali popote, akatoka.

Mume alifika baada ya siku chache, na vumbi la visima kwenye nyusi, na mfuko wa matunda. Alikuwa ameshaambiwa. Aliingia anacheka, akambusu mkewe kwenye paji la uso, akasema, "Nilijua tu." Mkasi akayapokea matunda, akamgawia mgonjwa wa kitanda cha pili yote.

Miezi iliyobaki ilikwenda kwa kuvumilia. Mkasi alihamia kwa mama yake mdogo, akisema ni kwa ajili ya kupumzika, na kila mtu akajitia kuamini. Maumivu yalirudi mara mbili, yakapoa. Mtoto aliendelea kukua, lakini bonge lilikuwa limekaa chini, njiani kabisa, na yeye akajilaza kiubavu juu yake kama mtu aliyekosa nafasi kitandani. Daktari akasema hatageuka tena. Itakuwa upasuaji, na ndugu waje watoe damu, iwepo karibu.

Mume alitoa damu. Siku ya upasuaji yeye na mama yake walikuwepo pamoja na mama mdogo, wamesimama kuzunguka kitanda, wakati daktari mpasuaji alipokuja kueleza. Alisema atamtoa mtoto na uvimbe atauacha palepale. Mfuko wenye uvimbe wakati mwingine unashindwa kujikaza baada ya kujifungua. Damu ikigoma kusimama watajaribu kila njia, na zote zikishindikana watalazimika kuutoa mfuko wa uzazi ili mama aishi.

"Msiutoe," Bi Futi akasema. "Mtoto mmoja hatoshi."

Daktari alimtazama mume, si kwa sababu alihitaji ruhusa yake, bali kwa sababu watu wote pale walikuwa wamemtazama. Na mume, mtu anayetoboa mwamba kwa kazi, akamtazama mama yake.

Ni muda mfupi tu. Mwingine asingeuona. Mkasi aliuona wote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na akajua kwamba si uvimbe wala futi vilivyomweka pabaya katika nyumba ile. Mume huyu angemwamini mama yake hata kuhusu kifo cha mkewe.

"Kama itabidi, toeni," Mkasi akamwambia daktari. "Ninayelala mezani ni mimi. Na mtoto akitoka, mpeni mama yangu mdogo amshike. Asiguswe na mwingine mpaka niamke."

Hakukuwa na haja ya kutoa mfuko, lakini ilikaribia. Damu ilimwagika kama alivyoonya daktari, chupa ya mume ikaingia, na ya mtu mwingine asiyemjua ikafuata, na madaktari wakashindana nayo mpaka ikakubali kusimama. Mtoto alikuwa wa kike, mdogo kiasi, mwenye sauti ya kudai. Mama mdogo alimshika kifuani na kukaa naye kwenye kona ya wodi, na Bi Futi alipokuja na shali aliyoishona mwenyewe, akapewa kisogo. Aliondoka na shali yake.

Siku ya kuruhusiwa, mume alikuja na gari la kukodi. Alikuwa amenyoa ndevu. Alisema mama ameandaa chumba, ameweka pazia jipya, na ile meza ya kukatia inamngoja. Alisema mama amekubali yaishe. Alisema pia, akitazama chini, kwamba mwanamume akiwa mbali anasikia mengi, na kwamba yeye moyoni hakuwahi kuwa na shaka hasa.

Mkasi alikuwa anavaa viatu polepole, mshono wa tumbo ukimvuta. Hakupiga kelele. Wodi nzima ilikuwa imetega masikio na haikupata kitu cha kusimulia.

"Mimi nakwenda kwa mama mdogo," akasema. "Daktari amesema hivi vivimbe vitasinyaa kidogo, halafu tutaona vya kufanya. Nitakuwa nakuja hospitali na yeye."

"Utarudi lini?"

"Sirudi."

Mume alisimama na funguo za gari mkononi. Alimtazama mama mdogo apate msaada, naye akawa anakunja nepi. Akamgeukia tena mkewe, na sasa uso wake ulikuwa na woga wa kweli, ule ambao Mkasi alikuwa ameungoja siku ya simu, na siku ya daktari mpasuaji, ukakosa kuja.

"Na mtoto je?"

Mkasi akampokea binti yake, akamlaza begani, akamfunika kichwa.

"Mtoto ni wangu," akasema. "Hilo hata mama yako hajawahi kulipinga."